Phil Parkinson wa Wrexham: ni kocha kweli au ni hela za Hollywood tu?

Sabu_Dakika80 (mtoa mada)

Wakuu habarini za jumapili.

Kijiweni kwetu kuna ubishi haujaisha toka Wrexham, ile klabu ya Wales inayocheza ligi za England, wapande daraja mara ya tatu mfululizo, ile siku ya Aprili 26, 2025 walipompiga Charlton 3-0 uwanjani kwao Racecourse, Rathbone akafunga moja na Sam Smith mbili. Kuna wanaosema huyu Phil Parkinson ni kocha wa kawaida sana, amebebwa na hela za wale waigizaji wawili, Ryan Reynolds na Rob McElhenney, yaani hata ungemuweka nani pale angepanda tu. Na kuna sisi tunaosema hapana, timu yenye hela kwenye ligi za chini England sio kitu kipya, wamepita matajiri kibao, lakini kupanda mara tatu mfululizo kuanzia daraja la tano mpaka la pili hakuna aliyewahi kabla yao.

Shida ni kwamba historia ya huyu mzee wengi wetu tunaijua juu juu. Mimi najua alikuwa kiungo wa Reading miaka mingi, najua alipita Bradford, basi, kuanzia hapo naishiwa hoja wananizidi kelele. Na ile filamu ya mfululizo ya Wrexham inamuonesha anatukana wachezaji mapumziko, watu wakiona vile wanahitimisha kabisa kwamba kazi yake ni kufoka.

Naombeni wanaomfahamu vizuri waniwekee hapa, alicheza wapi, ukocha alianzaje, wapi alifanya vizuri na wapi alichemka, na kubwa kuliko yote, je kuna kitu chake mwenyewe kinachojirudia kila timu aliyopita?

Kiungo_Mkabaji

Mkuu umeuliza swali zuri, ngoja nikuandikie kwa kirefu maana huyu jamaa nimemfuatilia muda.

Parkinson kazaliwa Chorley, kule Lancashire, Desemba 1967. Alilelewa kisoka Southampton ila kikosi cha kwanza hakucheza hata mechi moja, wakamuachia, 1988 akaenda Bury. Hapo Bury ndo alipojifunza mpira wa watu wazima, mechi 46 za ligi kwa msimu, jumamosi unacheza jumanne unacheza, kiwanja kina matope mpaka Machi. Akacheza miaka minne, 1992 akanunuliwa na Reading na kule ndo akakaa mpaka 2003. Miaka kumi na zaidi klabu moja, zaidi ya mechi 350 za ligi. Kazi yake katikati ilikuwa kukaba, kunyang'anya, kumpa anayejua zaidi yake. Sio mchezaji ambaye ungemuwekea video za chenga. Ila mashabiki wa Reading walimchagua mchezaji bora wa msimu zaidi ya mara moja na watu hawafanyi hivyo kwa kiungo mkabaji kama hawajaona kitu.

Sasa sikiliza hii maana ni muhimu kumuelewa. Reading walichukua ubingwa wa daraja la tatu 1994. Msimu uliofuata, wakiwa ndo kwanza wamepanda, wakamaliza NAFASI YA PILI daraja la pili. Mwaka mwingine wowote wa kipindi kile ungekuwa wa pili unapanda moja kwa moja. Ila mwaka huo Ligi Kuu ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 22 kuwa 20, kwahiyo nafasi za kupanda zikapungua, aliyepanda moja kwa moja ni bingwa tu, Middlesbrough. Reading wakapelekwa kwenye mchujo (play-off), mechi za mtoano za kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda. Fainali Wembley dhidi ya Bolton wakaongoza 2-0, wakapata na penalti kabla ya mapumziko, wakakosa. Bolton wakarudisha zote, ikaenda muda wa nyongeza, ikaisha 4-3. Parkinson alikuwa mchezaji wa Reading msimu huo. Ligi Kuu hakuicheza maisha yake yote. Na bado alibaki Reading miaka mingine minane, akashuka nao 1998, akapanda nao 2002.

Msimu huohuo wa 1994-95 kocha wao Mark McGhee aliondoka katikati ya msimu kwenda Leicester, klabu ikawapa timu wachezaji wawili waliokuwa bado wanacheza, Jimmy Quinn na Mick Gooding. Gooding alikuwa anacheza kiungo pamoja na Parkinson. Yaani jamaa aliona kwa macho yake mchezaji mwenzie anapanga kikosi, anamuweka benchi rafiki yake, na timu inazidi kwenda mbele. Naamini hapo kuna kitu kilimuingia.

Mwanzoni mwa 2003, umri miaka 35, akaenda Colchester United kuwa kocha. Klabu ndogo sana, uwanja wao wa Layer Road ulikuwa mdogo na umechoka, bajeti hakuna. 2006 akawapandisha Championship, yaani daraja la pili, kwa mara ya kwanza kwenye historia ya klabu. Msimu huohuo kombe la FA walienda Chelsea ya Mourinho wakatangulia kupata goli, Carvalho alijifunga, mwisho wakafungwa 3-1.

Halafu ndo akachemka. Hull City wakamchukua kiangazi cha 2006. Aligeuka akaiacha timu aliyoipandisha, na ile timu bila yeye ikamaliza ya 10 Championship. Yeye Hull ikawa inazama, Novemba akarudi Layer Road na Hull yake akapigwa 5-1 na vijana wake mwenyewe, mwanzoni mwa Desemba akafukuzwa. Hata miezi sita haikufika. Akaenda kuwa msaidizi wa Alan Pardew pale Charlton, Pardew alipoondoka mwishoni mwa 2008 akaachiwa timu ambayo ilikuwa tayari inashuka, ikashuka League One, daraja la tatu. Mwaka uliofuata akaifikisha nusu fainali ya mchujo, Swindon wakawatoa kwa matuta. Januari 2011 akafukuzwa tena.

Hapo jiulize, ungekuwa mwenyekiti wa klabu mwaka 2011 ungemchukua? Mimi nadhani wengi wangepita pembeni. Bradford hawakupita pembeni. Hiyo sehemu namuachia dada Mwananchi_Yorkshire kama yupo maana yeye alikuwa kulekule.

Mwananchi_Yorkshire

Nipo kaka, asante kwa kunikumbuka 🙏

Nimeishi Bradford miaka hiyo yote, Valley Parade, uwanja wa Bradford City, nilikuwa naenda mara nyingi sana kwa sababu tiketi zilikuwa bei ya watu wa kawaida, kuna msimu tiketi ya mwaka mzima waliiuza pauni 149, mtu na watoto wake mnaenda bila kukopa. Kwahiyo hiki ninachoandika sio cha kusimuliwa.

Muelewe kwanza hali ya klabu alivyoikuta Agosti 2011. Bradford City walikuwa Ligi Kuu mpaka 2001, wakatumia hela wasizokuwa nazo, wakaingia kwenye mufilisi mara mbili, wakashuka wakashuka mpaka daraja la nne. Ni klabu yenye kidonda pia, 1985 jukwaa la mbao liliungua mechi ikiendelea wakafa watu 56, hiyo mjini pale inakumbukwa kila mwaka na kila familia ya zamani ina mtu wake. Msimu wa kwanza wa Parkinson timu ilimaliza ya 18 League Two, karibu kabisa na kutoka nje ya ligi. Hakuna aliyeshangilia.

Kiangazi cha 2012 akasajili watu ambao majina yao hayauzi jezi. Gary Jones kutoka Rochdale, kiungo wa miaka 35, ukimuona anatembea barabarani huwezi kujua ni mchezaji, ila anakimbia dakika 90 na kona anazipiga kama anaziweka na mkono. Rory McArdle beki. Mbele alikuwepo James Hanson, huyu kabla ya kuja Bradford alikuwa anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi ya Co-op na kucheza ligi za mchangani za huko, urefu anao na kichwa anacho. Pembeni yake Nahki Wells, kijana wa Bermuda, mwepesi, anamalizia. Kikosi kile gharama yake ya usajili kwa jumla ilitajwa kuwa pauni 7,500, na hizo zote ni za Hanson. Wengine bure.

Kikosi hicho kombe la ligi kikawatoa Wigan ya Ligi Kuu kwa matuta. Desemba 11, 2012 wakaja Arsenal, na Wenger hakuleta watoto, alileta Cazorla, Podolski, Vermaelen, Wilshere. Baridi ya usiku ule acheni tu. Garry Thompson akafunga dakika ya 16, tukakaa na hilo goli mpaka dakika ya 88 Vermaelen akasawazisha. Matuta tukashinda 3-2, Vermaelen huyohuyo aligonga mwamba.

Nusu fainali Aston Villa. Nyumbani 3-1, Wells la kwanza, halafu McArdle kwa kichwa na Carl McHugh kwa kichwa, yote mawili kona za Jones. Kule Villa Park tukatangulia kufungwa na Benteke, uwanja ukawaka, kila mtu akajua sasa basi wanakuja. Kipindi cha pili tukapata kona upande wa kulia kwetu. Jones anaweka mpira, Hanson hayupo karibu na goli, amesimama nyuma kabisa karibu na mwisho wa boksi, mabeki wa Villa wanawakumbatia wengine. Mpira unapigwa ndo anaanza kukimbia, anawakuta wamesimama, anaupiga kichwa unaingia kama risasi. Hiyo sio bahati, hiyo ni kitu cha mazoezini, na ni goli la tatu la kona kwenye mechi mbili. Jumla 4-3, mfanyakazi wa zamani wa Co-op katupeleka Wembley. Hakuna timu ya daraja la nne iliyokuwa imefika fainali ya kombe hilo toka Rochdale mwaka 1962.

Fainali Swansea walitupiga 5-0 na kipa wetu Matt Duke akala nyekundu. Sitaki kuipamba, tulizidiwa kila kitu. Ila mashabiki walipeperusha bendera mpaka mwisho kama tunaongoza. Na hapa ndo mnaomwita kocha wa kawaida mnisikilize: timu baada ya kipigo kama kile ligi ilikuwa katikati ya msimamo, miguu imechoka, na msimu ule walicheza mechi zaidi ya 60. Angeweza kuacha msimu ufe, nani angemlaumu? Yeye akaisukuma mpaka nafasi ya saba, wakaingia mchujo, nusu fainali wakafungwa nyumbani 3-2 na Burton wakaenda kushinda kwao 3-1, wakarudi Wembley ileile Mei wakawafunga Northampton 3-0 mpaka mapumziko yote matatu yameshaingia. Hanson, McArdle, Wells.

Na Januari 2015 mnaijua wote, Chelsea ya Mourinho inaongoza Ligi Kuu, ipo kwao, inaongoza 2-0, Bradford ya League One ikarudisha manne. Stead, Morais, Halliday, Yeates. Mourinho aliingia chumba cha wageni kuwapa mkono mmoja mmoja.

Hollywood gani ilikuwepo hapo?

Tosha_Mpira

Dada nimekuelewa na nakuheshimu kwa uliyoyaona, ila mimi nabaki upande wa pili na nitasema kwa nini.

Kombe ni kombe. Mechi moja, mechi mbili, mnazuia na kona mnatoka nayo. Ligi ndo inapima kocha. Mnairuka Sunderland. Alipewa timu Oktoba 2019 baada ya Jack Ross, klabu kubwa kuliko zote zilizokuwa League One wakati ule, mashabiki elfu thelathini, msimu ukakatishwa kwa corona wakahesabu kwa wastani wa pointi, Sunderland ikawa ya 8. Hiyo ndo nafasi ya chini kuliko zote kwenye historia ya klabu hiyo. Novemba 2020 akafukuzwa. Huko hela ilikuwepo kuliko wapinzani na hakupanda.

Hull hakuweza. Sunderland hakuweza. Wrexham akaweza, tofauti ni nini? Wrexham alikuwa anasajili straika kwa rekodi ya klabu akiwa daraja la tano! Ollie Palmer alichukuliwa Wimbledon Januari 2022, timu iliyokuwa madaraja mawili juu yao, kwa hela inayotajwa kuwa laki tatu za pauni. Paul Mullin alitoka kuwa mfungaji bora League Two akashuka kuja kucheza ligi ya tano, unadhani alifuata hali ya hewa ya Wales? Baadaye, 2023, hata kipa Ben Foster katoka kustaafu kaja kudaka. Na pamoja na kuwa na Palmer na Mullin, msimu wa kwanza, 2021-22, HAKUPANDA. Ndani ya wiki moja alipoteza fainali ya FA Trophy, kombe la timu za ligi za chini, kwa Bromley 1-0 na nusu fainali ya mchujo nyumbani kwake kwa Grimsby 5-4. Magoli matano nyumbani. Kocha mwingine angefukuzwa asubuhi.

Sisemi ni mbovu. Nasema muwe na kiasi.

Kiungo_Mkabaji

Tosha hoja zako nazipokea, hasa ya Sunderland, pale hakuna cha kumtetea, timu ilikuwa inacheza mpira mzito na mashabiki walikuwa sahihi kulalamika. Hull pia.

Ila umesema ligi ndo inapima kocha, mbona umeiruka Bolton? Tuanzie hapo.

2016 Bolton wameshuka League One, klabu ina madeni, wamefungiwa kununua wachezaji. Parkinson anaenda, msimu mmoja anawapandisha, wa pili nyuma ya Sheffield United ya Chris Wilder. Mechi 46, sio kombe. Msimu unaofuata Championship, Januari 2018 klabu inamuuza straika wake mkuu Gary Madine kwenda Cardiff kwa sababu wanahitaji hela. Anabaki na nini? Na mabeki wakubwa na wazee. Siku ya mwisho ya msimu, Mei 2018, wako nyumbani na Nottingham Forest, lazima washinde na matokeo mengine yawabebe. Zimebaki dakika chache wamefungwa 2-1, David Wheater anasawazisha, dakika ya 88 Aaron Wilbraham anaingiza kwa kichwa, 3-2, wamebaki. Wilbraham alikuwa na miaka 38.

Kisha ndo ikawa mbaya kabisa. 2018-19 mishahara hailipwi. Wachezaji wanakaa mwezi bila hela, Aprili 2019 wakagoma, mechi na Brentford ikafutwa. Wafanyakazi wa kawaida wa klabu walikuwa wanapewa vyakula vya msaada. Wakashuka, msimu uliofuata wakaanza na pointi 12 pungufu, kikosi hakuna, Agosti 2019 anapeleka uwanjani watoto wa akademi na wanatoka sare 0-0 na Coventry. Baada ya hapo akajiuzulu, yeye na msaidizi wake Steve Parkin. Umemwita kocha wa hela, mimi naona muda mrefu wa kazi yake amefanya kazi mahali ambapo hela HAIPO, na sehemu nyingine hata mshahara wake haupo.

Mtoa mada uliuliza kitu kinachojirudia. Mimi naviona hivi. Kila timu yake nzuri ina straika mrefu na mwenzie mfupi anayemalizia, Hanson na Wells, Palmer na Mullin. Kila timu yake inaua kwa mipira iliyosimama, pale Wrexham nahodha Ben Tozer alikuwa akirusha mpira kwa mkono unafika katikati ya boksi kama kona, na wachezaji wanapanga foleni kwa kipa. Kila timu ina mzee mmoja au wawili ambao chumbani hawahitaji kuambiwa kitu, Gary Jones Bradford, Wheater Bolton, Luke Young na Tozer Wrexham. Na msaidizi Steve Parkin, amekuwa naye toka Bradford mpaka Wrexham. Hivi vitu havina uzuri wa kuangalia kila siku, nakubali, ila League Two jumanne usiku Novemba upepo unapuliza, pasi kumi na tano hazipiti. Yeye aliijua hiyo toka Bury.

Sehemu alizofeli, zote mbili aliingia juu ya timu iliyotengenezwa na mtu mwingine kucheza kitu kingine na hakupewa muda wa kusafisha. Bradford alimaliza wa 18 mwaka wa kwanza na hawakumfukuza. Wrexham alifungwa tano na Grimsby na hawakumfukuza. Hiyo ndo tofauti ninayoiona mimi, kuliko hela.

Mzee_wa_Redio

Vijana hamjambo. Nimesoma mwanzo mpaka mwisho, mjadala mzuri, nimeona nichangie kwa kuwa nilifuatilia soka la Uingereza tangu enzi za kusikiliza redio.

Mnajadili jambo kana kwamba ni jipya, msanii tajiri kununua timu ya chini na kumpa kocha aliyecheza ligi za chini. Lilishatokea Watford. Mwimbaji Elton John alikuwa mwenyekiti, timu ipo daraja la nne, mwaka 1977 akamchukua Graham Taylor. Huyo Taylor alikuwa beki wa pembeni wa Grimsby na Lincoln, daraja la juu hakucheza, nyonga ikamstaafisha mapema, akawa kocha wa Lincoln akiwa na miaka 28 na akachukua ubingwa wa daraja la nne 1976. Pale Watford akapanda 1978, akapanda 1979, akapanda tena 1982, na msimu wa kwanza daraja la kwanza kabisa, 1982-83, akamaliza wa pili nyuma ya Liverpool. Mwaka uliofuata fainali ya kombe la FA, Everton wakawafunga 2-0.

Na nyie mnajua walimsema nini? Hayohayo. Mipira mirefu, nguvu, hela za mwimbaji. Lakini katika timu ile ndimo alimotokea John Barnes, kijana waliyemchukua kutoka mpira wa mtaani London. Hela ya Elton John ilisaidia, sikatai, lakini ingekuwa hela pekee basi kila mwenye hela angekuwa wa pili nyuma ya Liverpool ile.

Kwa hiyo kijana Tosha, usidhani nakupinga kwa ushabiki. Ninachosema ni kwamba tajiri mwenye akili hutafuta mtu anayelijua daraja lenyewe. Elton John angeweza kuajiri jina kubwa lililocheza timu ya taifa. Reynolds na mwenzake nao wangeweza. Wote wakachukua mtu wa kazi.

Sabu_Dakika80 (mtoa mada)

Shikamoo Mzee, hiyo ya Watford sikuwa naijua kabisa, nakushukuru sana. Na wote mlioandika, nimekopi nawapelekea wale wa kijiweni.

Swali dogo la mwisho. Kuna jamaa kaniambia Parkinson ana roho mbaya kwa sababu kamtupa Mullin. Mtu kafunga magoli 38 ya ligi msimu wa 2022-23, ule wa pointi 111 ambao ni rekodi, kaingia kwenye mioyo ya watu wote, halafu msimu wa 2024-25 hapangwi na mwishowe kapelekwa Wigan kwa mkopo. Hili mnalionaje?

Mwananchi_Yorkshire

Mdogo wangu, hilo mimi nalihesabu upande wake.

Angalia orodha. Foster ndo aliyedaka ile penalti ya Notts County Aprili 10, 2023, dakika za majeruhi, 3-2, mechi iliyoamua ubingwa. Msimu uliofuata mwanzo tu akaacha, akaletwa kijana Arthur Okonkwo kutoka Arsenal kwa mkopo, baadaye wakambakisha moja kwa moja. Tozer nahodha, Luke Young, wote waliondoka. Palmer akakaa pembeni. Mullin aliumia mgongo wakamfanyia upasuaji kiangazi cha 2024, aliporudi Wrexham iko League One na kasi ni nyingine, Januari wakamnunua Sam Smith kutoka Reading, na Smith ndo kafunga mbili siku ya Charlton. Kila daraja walilopanda alibadilisha watu waliompandisha. Pale Bradford ni hivyohivyo, Gary Jones nahodha aliyetupeleka Wembley mara mbili aliachwa 2014, tulilia, nisiwadanganye, na miezi michache baadaye tukaenda kushinda Chelsea bila yeye.

Makocha wengi wa madaraja ya chini wanapandisha timu mara moja halafu wanashuka nayo kwa sababu wanashindwa kumwambia mtu aliyewasaidia kwamba nafasi yake imeisha.

Tosha_Mpira

Hapo kwenye Mullin na Jones nimekubali dada, hilo sikulifikiria kwa upande huo. Sunderland bado sijamsamehe.